Unga Nguoni

Saa kumi alfajiri nafunga mdomo wa tanuri.
Mikate sabini imelala rafuni, maganda yakitatarika
kama watu wanaonong'ona habari za mgonjwa.
Navua aproni. Navua fulana, viatu, soksi.
Vyote naviacha chini ya ngazi, ndani ya ndoo yenye mfuniko,
kisha napanda ghorofani kifua wazi,
hata Januari, hata theluji ikianguka Altamura.
Bi Crocifissa wa mlango wa pili alinichungulia mara moja
akafanya ishara ya msalaba.
Alidhani mke wangu amenifukuza.

Ippolita ana miaka saba.
Daktari wa Bari alimchorea utumbo kwa penseli,
vinyweleo vimesimama kama manyoya ya zulia jipya,
halafu akavifuta kwa kidole gumba:
"Vyako, binti, viko hivi."
Akanigeukia. "Na wewe, baba, unafanya kazi gani?"
Nikatazama kucha zangu.
Zilikuwa zimeshanijibia.

Mwanzoni nilidhani adui ni mkate.
Lakini mkate una sura, waweza kuuambia hapana.
Chembe haina sura.
Chembe imekaa kwenye ufa wa mwiko wa mama mkwe,
mwiko uliokoroga tambi miaka arobaini;
imeshuka na kisu ndani ya chupa ya jamu;
imejificha kwenye tundu la chujio, inasubiri wali.
Siku ya kuzaliwa ya Donato alikula viazi tu, vya kukaanga,
na tukajisifu kwamba ameshajua kuchagua.
Mafuta yale yalikuwa yamekaanga maandazi asubuhi.

Kisha ukaja mwezi wa tatu.
Usiku tatu tumbo limevimba ngoma, na hatujui kwa nini.
Mariangela alimwaga kabati lote mezani,
akasoma pakiti moja moja kwa kioo cha kukuzia,
akapiga simu viwandani: wanga huu ni wa nini? wa mmea gani?
Akanunua sufuria mpya. Akatupa mwiko,
na mama yake hakusema nasi hadi Pasaka.
Bado mtoto akajikunja.

Asubuhi ya nne niliinama kumbusu akiwa usingizini,
kama kila siku, nikitoka kazini,
mikono nimeiosha hadi viwikoni,
na nilipoinuka nikaona juu ya nyusi yake,
na pembeni mwa mdomo,
mavumbi meupe, mepesi, kama ya kipepeo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga.
Nguo nilikuwa nimezivua.
Hawakuniambia habari za ndevu.

Nilizinyoa palepale, bila maji ya moto.
Mariangela, miaka kumi na mmoja ya ndoa,
akakiona kidevu changu kwa mara ya kwanza, akacheka,
akaacha kucheka, akanishika shavu, akalia kidogo.
Ippolita aliamka akaniuliza nimempeleka wapi baba.

Sasa ananikagua mlangoni kama afisa wa forodha.
Viganja. Geuza. Katikati ya vidole.
Nyuma ya masikio. "Pita."
Jioni, kabla sijashuka kukanda, anadai ngano,
na ngano pekee inayoruhusiwa nyumbani ni hii ya kusimulia;
hata hiyo naipepeta kwanza,
namtoa mchawi, namtoa mtoto aliyepotea msituni,
mpaka anilalamikie kwamba haina ladha.

Jumapili tunaoka wa kwake, ghorofani, kwa unga wa mchele.
Nimemchongea muhuri wa mzeituni, herufi zake mbili;
ule wa babu yangu haupandi ngazi hizi.
Mkate ukatoka umebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa.
Akaugonga muhuri hata hivyo.
Bibi yake akamega, akatafuna muda mrefu,
akatazama dari.
"Huu si mkate," akasema.
"Ndiyo maana," Ippolita akamjibu, mdomo umejaa,
"naula."